Kumzoesha Mtachoka Gari

Kakuyuni,
12 Januari 2025

Mwanangu Nicholas,

Marahaba. Barua yako ya Krismasi nimeipata juzi tu, kwa sababu karani wa kanisa aliitia ndani ya Biblia yake akaisahau, na Biblia yenyewe haifunguliwi mara kwa mara. Huku tu wazima. Goti la kushoto linanisumbua nikiinuka, na sikio la kulia limeacha kazi kabisa, kwa hiyo habari za simu ziache. Ukinipigia nasikia kama mtu anayekaanga samaki. Andika. Nilikufundisha kuandika kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, na hati yako imekuwa nzuri tangu siku hizo. Msalimie mkeo Moraa na mtoto. Jirani yetu Thoya anakusalimu. Ile pikapu yake mbovu bado iko pale pale chini ya mkanju, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Sasa neno lenyewe. Umesema unataka kunijengea nyumba ya mawe, na kwamba nikae Muyeye kwenye nyumba ya kupanga miezi mitatu ili mafundi wabomoe hii ya udongo. Nimesoma mara tatu. Nimelia kidogo, nikacheka, nikasoma tena. Nakubali, mwanangu. Nilikuchukua ukiwa na miaka minne, wiki tuliyomzika baba yako hapa kando ya jikoni, na sijawahi kukuomba kitu. Hata hili sikuliomba, ndiyo maana limenigusa.

Lakini kuna Mtachoka. Unajua kwa nini nilimpa mbwa jina hilo. Wana wa baba mkubwa walipoanza kusema kwamba mwanamke mjane, tena asiye na mtoto, hawezi kukalia shamba la mzee Ngowa, sikugombana nao. Nilifanya kama wazee wetu walivyofanya: nilitafuta mbwa nikampa jina la kuwajibu, na kila jioni namwita kwa sauti mpaka lifike ng'ambo ya ua. Mtachoka! Mtachoka! Miaka saba sasa naita, na hati ya shamba ina jina langu.

Mbwa huyu haogopi fisi wala mwizi, anaogopa gari. Aliletwa kutoka Rabai akiwa kitoto, ndani ya gunia, kwenye buti, siku ya jua kali, na nadhani hiyo safari haijamwisha kichwani. Akisikia injini anatetemeka, anatokwa na mate, anajikojolea. Kumwacha kwa Thoya hakufai. Nilipolazwa Malindi siku nne hakutia kitu mdomoni mpaka niliporudi.

Tafuta njia, wewe uliyesoma. Bila Mtachoka sitoki.

Shangazi yako akupendaye,
Kahaso

*

Nakuru,
26 Januari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kwamba unatumia ile dawa ya kuchua niliyokuletea. Sisi tu wazima. Mtoto ameanza chekechea na Moraa anakusalimu sana. Baridi ya huku mwezi huu ni kali, asubuhi mtu unaona pumzi yako mwenyewe.

Nimefurahi umekubali. Kuhusu Mtachoka, usiwe na wasiwasi. Moraa amesoma mambo ya wanyama waoga na amenieleza vizuri. Siri ni kutomharakisha. Tumia hiyo pikapu ya Thoya, kwa kuwa haiendi popote. Mpe chakula chake karibu na gurudumu, kesho yake mlangoni, kesho kutwa ndani. Mtandikie leso yako uliyoivaa, isiyofuliwa, ili anuse harufu yako. Usimvute kwa kamba hata siku moja. Akizoea hiyo, nitamtuma dereva anaitwa Joram, mtu mpole aliye huko Malindi kwa kazi miezi hii, alete gari zima kila Jumamosi. Kwanza asimame tu. Halafu awashe injini bila kuondoka. Halafu aende mpaka barabarani na kurudi. Kanuni kubwa, Shangazi, ni hii: asijue kwamba anapelekwa mahali. Ajue tu kwamba yuko na mtu anayempenda.

Nimetia humu karatasi ya mjengo. Inaniruhusu kusimamia kazi kwa niaba yako, usisumbuke kwenda ofisini na goti hilo. Tia sahihi mahali nilipoweka msalaba wa penseli, umpe Joram. Wana wa baba mkubwa wasijue kwanza, unawajua walivyo.

Mwanao,
Nicholas

*

Kakuyuni,
23 Februari 2025

Mwanangu Nicholas,

Marahaba, na pole kwa baridi. Sisi jua linatuchoma, kunde zimekauka zikiwa na maua. Mtoto ameanza shule! Mwambie bibi yake wa Kakuyuni atamtumia korosho.

Haya, sikia mambo ya mbwa wako. Wiki ya kwanza Mtachoka hakukaribia pikapu hata kwa mfupa. Basi nikaona nimwonyeshe mfano. Nikawafukuza kuku, nikaingia mwenyewe, nikakaa kwenye kiti cha dereva na sahani yangu ya sima na mchicha, nikala humo siku tano mfululizo. Thoya alipita na jembe akasimama.

"Dereva, leo unaelekea wapi?"

"Nakuru kwa mwanangu," nikamwambia. "Panda, kiti kipo."

"Mimi nangoja la kwenda Mombasa," akasema, akaenda zake akicheka peke yake.

Siku ya sita Mtachoka alitia miguu miwili ndani. Mwisho wa wiki ya tatu nilimkuta amelala juu ya leso yangu, kuku mmoja pembeni yake, wote wawili hawana habari. Joram wako naye ni mtu wa taratibu kweli. Alipowasha injini Jumamosi iliyopita mbwa alitetemeka, lakini alinitazama, nikamwambia tulia, akatulia. Nimeona fahari kuliko siku ulipofaulu mtihani wa darasa la nane, na siku hiyo nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Karatasi nimempa Joram. Iko kwa Kiingereza, nami Kiingereza sikukipata. Nilitia sahihi penye msalaba wako. Nilipika kwenye jiko la shule miaka kumi na minane ili wewe ukisome kwa niaba yangu, sasa nitafute nani mwingine anisomee?

Jambo moja unijibu. Kabla mafundi hawajaanza, zungusha mawe kwenye kaburi la baba yako, na kile kijiti chake cha koma nilichosimamishia roho yake kisiguswe. Pale ndipo tunapozungumza naye. Fundi wa kuja hajui, anaweza kukiona kuni.

Shangazi yako akupendaye,
Kahaso

*

Nakuru,
9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Hongera kwa Mtachoka, Moraa amecheka habari ya sima mpaka machozi. Karatasi imenifikia salama.

Mtahama Jumamosi tarehe 22. Usimlishe mbwa asubuhi hiyo, maji kidogo tu. Kioo kiwe wazi kidogo apate hewa. Kaa naye nyuma, umfunike macho kwa leso. Mnyama hushtuka akimwona mtu wake anahangaika, kwa hiyo wewe mwenyewe usigeuke nyuma kuitazama nyumba mnapotoka. Beba nguo, godoro na vyombo vichache tu, mengine nitayasimamia.

Nina kazi nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Mwanao,
Nicholas

*

Muyeye, Malindi,
6 Aprili 2025

Mwanangu Nicholas,

Marahaba. Tumefika, tena tumeshazoea kiasi cha kuweza kulalamika. Vyumba viwili vinanitosha. Watu wa hapa ni wengi kama siafu na kila mtu ana redio. Kwa mara ya kwanza nashukuru kwamba sikio moja limekufa. Mwenye nyumba ni mtu mzuri, ila hakuambiwa habari ya mbwa. Nimemwambia Mtachoka ni mgeni, hatakaa sana.

Nikueleze safari. Alfajiri nilikwenda kwa baba yako na kibuyu cha tembo, nikamwaga kidogo chini ya koma yake, nikamwambia, Lewa, mwanao anatujengea nyumba, mimi na mbwa tunaondoka, mwezi wa sita tumerudi, usituhesabu kama waliokuacha. Halafu Joram akaja. Mtachoka aliliona gari, akasimama. Nikaingia kwanza mimi, nikatandika leso, nikapigapiga kiti. Alifikiri kwa muda mrefu, mwanangu, nikiona miguu yake ya mbele inavyotetemeka. Kisha akapanda mwenyewe. Hakuna aliyemvuta.

Sikugeuka nyuma. Nilitamani. Nilihisi Thoya ananiita kutoka upande wa ua, lakini sikushika neno, na Joram alikuwa ameshakanyaga mafuta. Pale Ganda ng'ombe walijaa barabarani, Joram akapiga honi, na Mtachoka akaanza kutokwa na mate kama zamani. Nilimwimbia ule wimbo niliokuimbia wewe ukiwa na surua. Akaweka kichwa pajani pangu mpaka Malindi. Tulipofungua mlango alishuka kama bwana, akatingisha mkia, akakojolea gurudumu la mwenye nyumba.

Nilimuuliza Joram gari ni la nani, mbona jipya hivi. Akasema ni la bosi wake wa Nakuru. Nikamwambia hata mwanangu yuko Nakuru, huenda wanafahamiana. Akacheka, akaongeza redio. Mtumie shukrani bosi huyo, ukimjua.

Lile la kaburi hukunijibu. Mawe yamezungushwa?

Shangazi yako akupendaye,
Kahaso

*

Nakuru,
18 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na malaria, halafu kazini kulikuwa na ukaguzi, halafu mtoto naye akaugua masikio. Sasa sote tu wazima. Moraa anakusalimu na anauliza mbwa anaendeleaje.

Mjengo unakwenda, ila mvua zimewarudisha mafundi nyuma, na malori ya mawe yanakwama. Nakuomba kitu kimoja: usiende kutazama. Nataka uione siku imekamilika, nikufungulie mlango mimi mwenyewe. Na hilo goti lako, njia ile ina matope. Kodi ya miezi mingine mitatu nimeshalipa, kwa hiyo kaa kwa amani.

Mwanao,
Nicholas

*

Muyeye,
15 Juni 2025

Mwanangu Nicholas,

Marahaba, na poleni kwa maradhi, nyote wawili wa masikio, wewe na mtoto. Nasema wewe kwa sababu swali la kaburi nimeuliza mara mbili, na hii ni ya tatu.

Mimi ni mzima. Mwezi wa sita umefika, nami nilimwambia baba yako mwezi wa sita. Nimeanza kuota naye. Haniambii kitu, anasimama tu mlangoni.

Mtachoka ananihuzunisha kwa jambo dogo. Kila asubuhi anakwenda kukaa mbele ya gari la mwenye nyumba, anautazama mlango. Akifungua mtu yeyote, anasimama na kutingisha mkia. Amejifunza kwamba gari ni kitu kizuri, na anangoja limrudishe. Watu wanacheka. Mimi nilicheka mara ya kwanza tu.

Wenzangu wa Kakuyuni hakuna aliyefika kuniona, hata Thoya, na Thoya huja Malindi kila wiki kuuza korosho zake. Sijui nimemkosea nini. Mafundi wamefika wapi? Wamepaua? Niandikie hata mistari miwili, lakini iwe ya kweli.

Shangazi yako,
Kahaso

*

Nakuru,
20 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi tu wazima.

Mambo yanakwenda. Kuwa na subira, kazi kama hii haina haraka. Thoya akija na maneno, usimsikilize. Ana wivu, ni watu wasiopenda kuona mtu anaendelea. Mimi ndiye ninayejua habari kamili na nitakueleza tukionana.

Nicholas

*

Muyeye,
17 Agosti 2025

Nicholas,

Leo nitaanza na habari, salamu zitafuata kama zikibaki.

Barua yako ya mwisho niliisoma nikakaa nayo mkononi. Sikukuambia kwamba Thoya ana maneno. Nilikuambia hajafika kuniona. Maneno gani hayo uliyokuwa unayaogopa? Nilijiuliza siku mbili, halafu nikajikemea. Nikasema, Kahaso, huyu ni mtoto uliyemwogesha.

Tarehe sita mwezi huu Mtachoka alipotea. Nilizunguka Muyeye nzima na goti langu, nikiita jina lake, na watoto wa mtaa wakiniitikia kwa kejeli. Siku ya nne Thoya akatokea mlangoni, amevua kofia, hataki kuingia. Akaniambia mbwa yuko Kakuyuni. Alikuja kwa miguu, nyayo zimechubuka, amekaa mahali pamoja na hataki kutoka. Nikamwambia asante, mwanangu amekataza nisiione nyumba kabla ya siku yake, basi nitafumba macho nimchukue mbwa nirudi. Thoya akaniangalia kama mtu aliyepigwa.

"Nyumba gani, Kahaso?" akasema.

Tulikwenda kwa tuktuk. Nicholas, uliniambia nisigeuke nyuma. Sasa nimegeuka. Hakuna mjengo. Hakuna hata tofali moja. Kuna waya wa ua kutoka barabarani mpaka kwenye mtaro, na lango la chuma, na mlinzi ambaye hanijui, aliyeniuliza namtafuta nani. Kwangu! Mikanju yote imekatwa, hata ule uliopandwa siku uliyozaliwa. Nyumba imesawazishwa na trekta. Mtachoka alikuwa amelala pale palipokuwa na mafiga yangu. Jikoni hapapo, lakini yeye alipajua. Mlinzi anasema alijaribu kumfukuza kwa mawe akashindwa, akaishia kumpa maji.

Kaburi la baba yako halionekani. Trekta ilipita juu. Nilitafuta kijiti cha koma nikakiona, na natamani nisingekiona. Kimo kwenye ua. Fundi aliyeweka waya alikosa nguzo moja fupi karibu na lango, akakichukua, akakipigilia misumari mitatu. Baba yako ameshikilia ua wa mtu asiyemjua. Nilimwambia mlinzi kwamba sitoki hapo bila kile kijiti. Alikuwa Mmeru, hakuelewa ni nini, lakini aliniona ninavyolia, akaleta nyundo akang'oa misumari mwenyewe. Nilikifunga kwenye leso. Ni leso ile ile ya mbwa.

Thoya ameniomba radhi. Anasema ulimpigia simu mwezi wa pili ukamwambia nimeuza kwa hiari yangu, kwamba naona aibu na sitaki mtu aniulize. Siku ile ya kuondoka alikuwa akiniita kuniaga, kwa sababu alijua sirudi. Kila mtu Kakuyuni alijua kwamba sirudi. Niliyekuwa sijui ni mimi na mbwa.

Karatasi nilikuwa na nakala, maana niliwahi kuitoa picha dukani kwa ajili ya kumbukumbu, kwa kujivunia. Nimempelekea mwalimu mkuu wa shule niliyopika. Alisoma, akavua miwani. Anasema inakupa wewe uwezo wa kuuza, kuweka rehani na kufanya lolote kwa jina langu. Neno mjengo halimo hata mara moja.

Umenifanya mwongo mbele ya baba yako. Nilimwambia mwezi wa sita.

Salamu hazikubaki.

Kahaso

*

Nakuru,
31 Agosti 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na sijalala. Moraa pia analia. Nakuomba uniamini kwamba sikukusudia uyajue namna hiyo.

Shangazi, tuwe wakweli. Unazeeka. Sikio, goti, unaishi peke yako katika nyumba ya udongo, mvua kubwa moja ikuangukie. Ungekubali kutoka kama ningekuambia? Nakujua, usingekubali. Nilitaka uondoke bila kuumia. Na shamba lile ni la babu, na baada yako lingekuwa langu, hakuna mwingine. Yaliyotokea yalitokea mapema kidogo tu. Mnunuzi aliahidi kwamba kaburi litaachwa, sikujua kuhusu trekta, na hilo nimemlaumu.

Nakuomba usiende kwa wana wa baba mkubwa wala kwa chifu. Mambo ya nyumbani tuyamalize nyumbani. Nimeongeza chumba hapa. Jumamosi tarehe 20 Septemba Joram atakuja na gari kukuchukua wewe na Mtachoka, mje mkae nasi Nakuru moja kwa moja. Hutapika, hutalima. Mbwa ameshazoea gari, safari haitamsumbua.

Nisamehe, Shangazi. Wewe ndiye mama niliyemjua.

Mwanao,
Nicholas

*

Kakuyuni, kwa Thoya,
20 Septemba 2025

Nicholas,

Shikamoo yako nimeiona. Sikuitikia.

Barua hii anakuletea Joram, ndani ya gari tupu. Alinifuata Muyeye akaambiwa nimehama, akaja mpaka huku. Nimehamia kwa Thoya, kwenye jiko lake la zamani, ng'ambo tu ya ua wenu mpya. Asubuhi naliona shamba la baba yangu kupitia waya.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeandika kurasa mbili na neno nimeuza hukuliandika. Umeandika yaliyotokea, kama mvua. Na unasema hukuniambia kwa sababu nisingekubali. Basi ulijua jibu langu. Uliiba ukijua jibu langu ni hapana.

Nimekwenda kwa wana wa baba mkubwa. Nilikwenda na aibu ya miaka saba, na mbwa nyuma yangu. Mkubwa wao alitoka, akamwangalia mbwa, akaniangalia mimi. "Sisi tulichoka zamani, Kahaso," akasema. "Ni wewe uliyeendelea kuita." Akaniletea kiti. Wiki iliyopita wao watatu walinisindikiza ofisi ya ardhi na kwa wakili. Wakili amesema wazi kwamba kesi itachukua miaka na huenda nisishinde, kwa kuwa sahihi ni yangu kweli. Nimemwambia aandike. Watu niliowafungia ua ndio waliosimama na mimi, na yule niliyemfungulia ndiye aliyeingia na trekta. Naumia, Nicholas. Nisikufiche. Usiku naamka nikidhani ni ndoto, nanyoosha mkono, nagusa koma ya baba yako iliyosimama hapa ukutani na matundu yake matatu.

Leo nilimkalisha Joram, nikampa madafu, nikamuuliza tena gari ni la nani. Hakucheka safari hii. Amesema ni lako, ulilinunua Desemba kwa malipo ya kwanza ya mnunuzi wa shamba. Desemba, kabla hujaniandikia ile barua ya Krismasi iliyonitoa machozi. Basi kila Jumamosi nilipokuwa nikimbembeleza Mtachoka apande, nilikuwa nikimpandisha kwenye shamba langu lililokwisha kuliwa.

Mkafikiri wewe na Moraa kwa makini sana. Asiharakishwe. Asivutwe kwa kamba. Apewe kitu chenye harufu ya nyumbani. Asijue kwamba anapelekwa mahali, ajue tu yuko na mtu anayempenda. Nilidhani tunamfundisha mbwa.

Nikueleze jambo la mwisho, kisha Joram aende. Alipofika na kufungua mlango wa nyuma ili ashushe blanketi mlilonitumia, Mtachoka alikimbia kutoka kwa Thoya, akapanda. Hakutetemeka hata kidogo. Alikaa mahali pake, akatazama mbele, akaanza kupiga mkia kwenye kiti, akiningoja. Alifanya vizuri kabisa, kama tulivyomfundisha. Ilinibidi nimshike shingoni nimtoe kwa nguvu, mimi ambaye sijawahi kumvuta. Alilala chini akaniangalia. Alidhani amekosa.

Sasa analala kwenye pikapu ya Thoya pamoja na kuku. Hiyo namwachia, haijawahi kumpeleka mtu popote. Haya magari mengine nimeanza kumzoesha upya ayaogope. Likipita barabarani namshika, namwambia hapana. Ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu bado ananiamini.

Kahaso binti Ngowa